Inumpu za Mama Daforoza

Siku niliyostaafu nikarudisha funguo za ghala mlinipa kitenge, keki tamu kupita kiasi, na daftari jipya lenye jalada gumu. Mkasema, "Mama Zubeda, tuandikie." Keki iliisha siku ileile, kitenge nimekishonesha, na daftari nimelikwepa wiki tatu nzima. Nani alipanda cheo na nani alirukwa, hayo yako kwenye mafaili ya ofisi, mtayasoma siku mvua ikiwafungia ndani. Mimi nitaandika juu ya mizizi, kwa sababu ndiyo niliyokaa nayo maisha yangu ya kazi, na juu ya kosa moja ambalo wengi wenu hamlijui. Nililificha vizuri mno, na huko kulificha kunanisumbua kuliko kosa lenyewe.

Mimi ni mtoto wa Nyamirambo, mtaa wa hapa Kigali. Baba alikuwa fundi cherehani, mama aliuza sambusa mlangoni, na kwetu kiazi kilikuwa kitu kinachotoka sokoni. Nilipopata kazi kwenye bustani yetu ya mbegu kule Masaka, pembezoni mwa jiji, nilikuwa na miaka thelathini na moja, na binti yangu Mwajuma ndiyo kwanza ameanza kutembea. Masaka ya wakati ule ilikuwa mashamba matupu. Hizi nyumba za ghorofa zinazowachungulia leo mkipalilia hazikuwapo. Nilishuka kwenye basi asubuhi nikiwa na viatu vyeupe vya kisigino kifupi, maana nilikuwa nimeambiwa nitafanya kazi kwenye taasisi. Mlinzi alivitazama viatu, akanitazama mimi, akanielekeza bondeni.

Huko bondeni ndiko kulikokuwa na upande ambao wenzangu waliuita "kwa wazee". Mihogo na viazi vitamu vilikuwa juu, karibu na ofisi, ambako wageni walipita na kupiga picha. Chini yalikuwa magimbi, ambayo hapa tunayaita amateke, viazi vikuu vyenye mashina ya kutambaa, na mizizi mingine ambayo watu wa mjini hawaijui hata kwa jina. Hakuna aliyetaka kupelekwa kule, kwa hiyo kila mgeni alipelekwa kule. Aliyekuwa msimamizi wa bonde ni Daforoza, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kofia ya kiume aliyoivaa kila siku.

Alinipa kisu na rundo la amateke, akaniambia nikate vichwa vya kupanda. Mimi, mtoto wa mama msafi, kwanza niliyaosha yote kwenye ndoo. Kabla sijakata nusu ya rundo mikono ilianza kuwasha, halafu ikawaka, halafu nikaanza kuisugua kwenye sketi huku machozi yakinitoka. Daforoza alikuja, akaona ndoo, akaelewa.

"Weye mutoto ya Nyamirambo, nani alikwambia uoshe?"

"Yalikuwa na udongo, mama."

"Kitu inatoka mu udongo, unaogopa udongo? Amateke haipendi maji mbele ya kisu. Maji inaamsha hasira yake."

Alinishika viganja vyote viwili, akavipeleka juu ya moto uliokuwa ukichemsha chai ya wafanyakazi, akavigeuza taratibu mpaka ule muwasho ukalegea. Hakucheka wakati ule. Alicheka saa sita mchana, mbele ya wote, akiwaonyesha jinsi nilivyokuwa nikiruka. Tangu siku hiyo nimekata amateke makavu, mikono mikavu, na majivu kidogo kwenye vidole, nanyi mmenisikia nikiwapigia kelele juu ya hilo mpaka mkachoka.

Vitabu vya ofisini vilikuwa vya ng'ambo, na kila kimoja kilikuwa na sura nzima juu ya kazi za bustani majira ya machipuko, theluji ikishayeyuka. Nilikuwa nikivisoma wakati wa chakula. Siku moja nilimwuliza Daforoza sisi machipuko yetu ni lini. Alifikiri, akasema ni mwezi wa nane, siku ambayo umechoka na vumbi mpaka huwezi kutamani kitu kingine ila mvua. Ukingoja umuhindo, zile mvua za mwezi wa tisa, zikukute, umeshachelewa.

Kwa hiyo mwezi wa nane ndio uliokuwa mwezi wetu. Tulinoa majembe na kubadilisha mipini. Tulizibua mifereji, kwa sababu mvua ya kwanza ya Kigali haibishi hodi, inashuka kilimani na kila kilichoachwa njiani. Tuligeuza mboji. Tulikagua miti ya mikaratusi ya kuegeshea viazi vikuu, tukatupa iliyoliwa na mchwa. Tulikata vichwa vya viazi vikuu, tukavipaka majivu penye jeraha, tukavilaza kivulini siku tatu mpaka vifunge kidonda. Daforoza alivifunika kwa majani ya migomba, akipita kuvichungulia mara kwa mara.

Ni yeye aliyenifundisha pia kukama. Kiazi kikuu huking'oi chote. Unachimbua pembeni polepole, unakikata chini ya kichwa chake, unafukia tena shina likiwa bado la kijani. Shina linadhani halijaibiwa kitu, linatengeneza viazi vingine vidogo, na hivyo ndivyo mbegu ya mwaka unaofuata. Yeye aliita kukama, kama ng'ombe, na alisema mtu anayeng'oa shina zima ni kama anayechinja ng'ombe kwa sababu anataka maziwa. Wataalamu walipokuja kutufundisha njia hiyo, wakiwa na picha za ukutani, alikaa mstari wa mbele na kusikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

Mwisho kabisa wa bonde, karibu na uzio, kulikuwa na tuta moja lisilo na kibao. Tuta la inumpu.

Wale ambao hamjaziona: inumpu ni vizizi vidogo, vyembamba, vingine si vikubwa kuliko kidole. Majani yake yana manyoya laini na yanatoa harufu ya dawa ukiyafikicha. Ukizichemsha na maganda yake zinakuwa na utamu mdogo, wa mbali, ambao unaufahamu ukishameza. Wazee wanazijua. Vijana wengi wa leo wakiziona wanauliza ni ugonjwa gani umevipata viazi.

Zile hazikuwa za taasisi. Hazikuwa kwenye orodha yoyote. Mwaka wa pili wa urafiki wetu, tukiwa tunapalilia, Daforoza aliniambia zilikotoka, kwa maneno machache sana. Alikuwa amerudi kwao kusini mara moja tu, mwaka uliofuata jenoside, yale mauaji ya kimbari. Hakukuta mtu. Hakukuta nyumba, mlango wala sufuria. Alizunguka kiwanja akitafuta hata kitu kimoja cha mama yake cha kushika mkononi, akakuta inumpu zimechipua zenyewe. Alichimba kwa mikono, akazifunga kwenye kanga, akapanda basi la kurudi Kigali.

"Iliota bila mutu," aliniambia. "Ilingoja."

Mimi nikaendelea kupalilia. Nadhani ndicho alichotaka, kwa sababu naye aliendelea.

Hakutaka kibao pale. Alisema kibao ni cha kitu ambacho mwenyewe anaweza kukisahau. Wala hakuhifadhi mbegu ghalani kama tulivyofanya kwa mizizi mingine, maana inumpu zikikaa ghalani zinanywea. Mwezi wa sita majani yalipokauka alichimba za kula, akaacha nyingine humohumo kwenye udongo, akazifunika kwa nyasi kavu. Kuanzia hapo tuta lilionekana tupu kabisa. Mgeni angeapa hakuna kitu. Nilipomwuliza mwaka wa kwanza kama zimekufa, alinikata jicho. "Haiko kufa. Iko narara." Basi tukaziacha zilale.

Alipostaafu alinikabidhi bonde zima kwa dakika tano, na tuta lile kwa asubuhi nzima. Aliniomba jambo moja tu, kila mwaka nimpelekee sahani ya inumpu, na nyingine nizilaze. Nilifanya hivyo miaka minne. Nilikuwa nikifika kwake, upande wa pili wa Masaka alikoishi na mjukuu wake, nikimkuta ameshaweka sufuria jikoni kabla sijapiga hodi. Alizila taratibu, moja moja, bila chumvi.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mwaka wa tano, Mwajuma aliolewa. Harusi ilikuwa mwezi wa nane, na wale wanaoijua Nyamirambo wanajua harusi ya kwetu haikuachii hata nafasi ya kupumua. Wageni walitoka Bujumbura na Bukoba, masufuria ya pilau yalipangwa mpaka barabarani, na mimi mama wa bibi harusi nilikuwa nimefungwa hina mikono yote miwili, siwezi kushika kitu. Simu ikalia. Dada yangu akaniwekea sikioni. Alikuwa Vedasto, mkulima wetu mkuu mpya kule bondeni, aliyeanza mwezi wa saba tuta lile likiwa tayari linaonekana tupu, mtu wa makamo, mwangalifu, asiyependa kukosea.

"Mama Zubeda, wamesema wageni wa wizara wanakuja Jumatatu. Wanataka bonde liwe safi. Matuta yaliyo wazi tuyalime?"

"Yalimeni, Vedasto. Pandeni karoti, chochote, yasionekane matupu."

"Yote, mama?"

Nyuma yangu walikuwa wameanza kupiga vigelegele, mtu ananivuta bega, sijui nani kafika.

"Yote, Vedasto! Yote!"

Mtu mwangalifu alikuwa ameuliza mara mbili. Mimi ndiye niliyejibu mara mbili.

Nilirudi kazini wiki iliyofuata nikiwa bado na hina mikononi. Wageni walikuwa wamepita, wamesifu usafi, wamekwenda. Nilishuka bondeni nikiwa na furaha zangu, nikafika kwenye uzio, na pale penye inumpu palikuwa na mistari minne ya karoti iliyonyooka vizuri, imemwagiwa maji. Nilikaa chini palepale kwenye njia, nikajifanya natoa jiwe kwenye kiatu.

Mngeniuliza, kwa nini sikumwita Vedasto dakika ileile? Nimejiuliza mara nyingi. Jibu halinipendezi. Kumwita Vedasto kulimaanisha kusema mbele yake kwamba mimi, bosi wa bonde, niliyewafundisha wote kuangalia kabla ya kukata, nilikuwa nimeua tuta kwa simu. Na nilimwogopa, kwa namna fulani, kwa sababu alikuwa ameuliza "yote?" naye alijua na mimi nilijua. Basi nikaanza kumkwepa. Nikimwona anakuja njia hii, nachukua ile.

Katikati ya mwezi wa tisa, mvua mbili zikiwa zimeshanyesha, Daforoza akapiga simu. Aliuliza harusi, akauliza bwana harusi ni mtu wa namna gani, akauliza mifereji kama imezibuliwa. Halafu akauliza, "Na zile?"

"Zinaamka, mama," nikasema. "Zimeanza kuchungulia."

"Sawa," akasema, akakata simu.

Sijawahi kusema uongo uliotoka kinywani kwa urahisi kama ule, wala uliokaa tumboni muda mrefu kama ule.

Nikaanza kutafuta kwa siri. Niliwaza kwamba kilichotolewa kwenye tuta lazima kimetupwa kwenye mboji, kwa hiyo kila mchana wenzangu wakienda kula, mimi nilikuwa nyuma ya ghala na chekeche, nachekecha lundo kama mwanamke anayepepeta mchele. Nilipoulizwa nilisema nachunguza ubora wa mboji. Mmoja wenu, simtaji, alinipongeza kwa bidii. Wiki ya tatu nilipata vizizi vitatu vidogo vyeusi, vimekunjamana. Nilivipanda kwenye bakuli, nikaweka bakuli kwenye dirisha la ofisi, nikavinywesha kwa kijiko. Siku ya tano kimoja kikatoa kijiti cha kijani. Nilifunga mlango nikalia kwa furaha.

Kilikuwa ndago. Ile ndago ya kawaida, adui wa kila mtu mwenye jembe, ambayo nimewafundisha wafanyakazi kuitambua hata wakiwa wamefumba macho. Mtaalamu wa mizizi wa miaka yote hiyo alikuwa amelea gugu kwa kijiko. Nililimwaga bakuli nje ya dirisha, na msinichekelee sana, maana nina hakika mpaka leo zinaota pale chini.

Mwezi wa kumi na moja sikuweza tena. Nilinunua sukari na mandazi, nikapanda pikipiki mpaka kwake. Nilimkuta amekaa barazani na ungo wa maharage, anachambua, na ile kofia ya kiume kichwani. Hakushangaa kuniona. Nilikaa kwenye mkeka, nikakataa chai, na hapo tu angeweza kujua kuna jambo.

"Mama, inumpu zimekwisha," nikasema. "Nililimisha tuta lote mwezi wa nane, siku za harusi. Halafu nikakudanganya."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa uani.

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Weye. Ulisema iko inachungulia. Mwezi ya kenda, mvua mbili tu! Inumpu haiamke mwezi ya kenda, Zubeda. Inangoja udongo inywe mpaka ndani. Mimi nilikufundisha miaka ngapi?"

Niliinamisha uso. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, nimeozesha mtoto, na nilitaka mkeka ule unifunike.

"Mbona hukunigombeza siku ileile, mama?"

"Nilikuwa nangoja useme." Akatoa jiwe lingine. "Umechelewa kidogo. Lakini umekuja."

Nilianza kulia, na yeye akaniacha nilie, kwa kuwa si mtu wa kumnyamazisha mwenzake haraka. Nilimwambia kila kitu, chekeche, bakuli, kijiko, ndago. Kwenye ndago mdomo wake ulitetemeka kidogo, nikaona anajizuia kucheka. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani alilima?"

"Vedasto."

"Alisema nini?"

Nikaokota harage lililodondoka mkekani.

"Ulimuuliza?"

"Hapana, mama."

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Katika miaka yote sikuwahi kumwona amekasirika nami, hata siku ya amateke, hata siku niliyopanda vichwa juu chini. Siku ile alikasirika.

"Miezi mbili unachekecha takataka," alisema, "na mutu yenye alishika jembe iko pale kila siku, anakusalimia mwaramutse, na hauulize? Unaona haya? Inumpu ni ya mama yangu. Haya ni ya nani?"

Hakuniaga vizuri. Alisema tu, "Kesho asubuhi," akarudi kwenye maharage yake.

Kesho yake nilimkuta Vedasto kwenye bomba, anaosha jembe. Niliposimama mbele yake alikakamaa, akaweka jembe chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali. Kabla sijafungua mdomo, akasema, "Mama, nilichukua. Lakini haikuwa kuiba."

"Ulichukua nini?"

"Vile viazi vidogo. Vya kwenye uzio. Jembe lilipovitoa niliona ni chakula, si magugu. Ulisema yote, kwa hiyo nikalima yote, lakini kutupa chakula sikuweza. Nikajaza kopo, nikapeleka nyumbani." Alikuwa akiongea upesi, kama mtu aliyejiandaa muda mrefu. "Nilitaka kukwambia ulipotoka harusini. Lakini ulikuwa unanipita bila salamu. Nikasema, ameshajua, anangoja tu kunifukuza."

Miezi mitatu, jamani. Mimi nakwepa njia hii, yeye anakwepa ile, katika bonde ambalo ukirusha jiwe linavuka.

Nilimwuliza kama walizila.

"Za kwanza tulikula. Lakini mke wangu alipoziona alipiga kelele, nikadhani nimeleta sumu. Alisema hajaziona tangu bibi yake afariki. Alinipokonya kopo, akaenda kuzifukia nyuma ya nyumba." Akanitazama kwa wasiwasi. "Anaitwa Esperansi. Tafadhali, usimgombeze yeye."

Nilimshika Vedasto mkono kwa mikono yangu yote miwili na kumwomba msamaha palepale kwenye bomba, maji yakimwagika, wafanyakazi wawili wakitutazama. Ndilo jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza, nikiwa bado na hina.

Nilitaka kwenda peke yangu, nichukue vipando, nimpelekee Daforoza vikiwa tayari kwenye kikapu, nionekane nimerekebisha. Nilipompigia simu hakunipa nafasi. Alisema anakuja mwenyewe. Alikuja kwa pikipiki, amekaa upande, kofia ngumu ya abiria imewekwa juu ya kofia yake, maana alikataa kuivua, na dereva alikuwa na uso wa mtu aliyebishana na akashindwa.

Nyumba ya Vedasto ilikuwa mwinuko mdogo juu ya bonde, kati ya majengo mawili mapya ambayo hayajakwisha. Nyumba ndogo ya matofali, ua umefagiwa, nguo za watoto kwenye kamba. Esperansi alitoka akiwa amevaa vizuri, na uso umejaa hofu, kwa sababu mume wake alikuwa amemwambia nani anakuja na kwa nini. Mlangoni alikuwa ameshaweka kikapu na jembe dogo. Alimwinamia Daforoza, akamkumbatia kwa namna yetu, mikono mabegani, akamwambia kwa Kinyarwanda kwamba hakujua zina mwenyewe, kwamba hakuna hata moja iliyopotea tangu azipande, na kwamba yuko tayari kuzing'oa zote sasa hivi azirudishe.

Daforoza alimwomba amwonyeshe.

Tulizunguka nyumba. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, moshi unatoka chini ya bati, sufuria ya maharage inachemka. Na pale ukutani, kuanzia mlango wa jiko mpaka penye kumwaga maji ya vyombo, inumpu zilikuwa zimejaa. Hazikuwa kwenye mstari. Zilikuwa zimesambaa zinavyotaka, majani manene, ya kijani kibichi, zikipanda juu ya mawe ya mafiga ya zamani, na kati yake kuku wawili na gari la mtoto lililotengenezwa kwa makopo. Watoto wa Vedasto walikuwa wanapigana kwa sababu ya kitu fulani, wakanyamaza walipotuona.

Esperansi alishika jembe. "Nianzie wapi, mama?"

Daforoza aliinua mkono kumzuia. Alisogea, akainama kwa shida, akafikicha jani moja, akalipeleka puani. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mimi nikaanza kuangalia pembeni. Kisha akaomba kigoda. Esperansi alimletea kile cha jikoni, kifupi, cheusi kwa moshi. Akakaa kati ya mlango wa jiko na majani, mgongo ukutani, akavua kofia yake akaiweka gotini. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, na sikuwa nimewahi kuziona.

"Kule kazini," aliniambia mimi, kwa Kiswahili chake, "niliipanga mustari. Miaka yote, mustari. Sikujua kwa nini inanihuzunisha." Akaonyesha ukuta, moshi, maji ya vyombo, kuku. "Mama yangu aliipanda hivi. Nyuma ya jiko. Sisi tunapigana hapa, yeye anapika pale."

Esperansi aliweka jembe chini.

Watoto walikuwa wameanza kusogea. Yule mdogo, msichana wa miaka minne hivi, alisimama mbele ya Daforoza akamkagua kuanzia miguuni, akamwuliza kwa Kinyarwanda anafanya nini hapo.

"Ndi imuhira," Daforoza akamjibu. Niko nyumbani.

Mtoto alifikiri kidogo, akaona ni jibu zuri, akamkalia miguuni. Esperansi akaingia jikoni, akaongeza maji kwenye maharage.